Mama Kwa Hiyo Anastaafu, na Dada Yake Anaalikwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza cha juu kwa wanafunzi wa biashara na sosholojia, Mwalimu wetu, maarufu kama Mama Kwa Hiyo, anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu. Sherehe ya kumuaga itafanyika Ijumaa saa nane mchana katika ukumbi mdogo, kwa kuwa ule mkubwa una mitihani. Wasifu huu nimeuandika mimi, niliyekuwa mwanafunzi wake na sasa natumia naye meza moja. Nisijisifu kwamba niliteuliwa: wenzangu wote walisingizia kusahihisha.

Jina lake la utani halina siri. Ukimpelekea aya, iwe nzuri namna gani, anaisoma mpaka mwisho, anavua miwani, anauliza, "Kwa hiyo?" Hasemi kwa ukali. Ukimjibu, anauliza tena. Wapo wahitimu wenye vyeo na vitambi ambao mpaka leo wakilisikia neno hilo kikaoni huketi wima.

Alianza kazi hapa akiwa msaidizi wa maktaba. Wakati huo kozi hii haikuwepo. Wanafunzi walikuja na Kiingereza cha sekondari, cha kuomba ruhusa na kueleza likizo yako ilikuwaje, wakakutana na vitabu vya nadharia za masoko na matabaka vilivyoandikwa kana kwamba mwandishi analipwa kwa urefu wa neno. Mwalimu aliwaona wakinakili kurasa nzima kwa mkono bila kujua wananakili nini. Akaanza kuwakalisha wachache kwenye meza ya nyuma. Meza ikajaa, wakapewa chumba. Chumba kikajaa, ikawa kozi. Na kozi ikapata mtihani, ambao ndio ulioninasa mimi.

Nilikuja chuoni kifua mbele. Nyumbani mama alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe anaongea Kiingereza kama redio. Nilitembea na kamusi nene kwapani mpaka kantini, si kwa kuisoma bali ionekane. Insha yangu ya kwanza ilihusu kwa nini maduka madogo hufungwa, na sentensi yake ya kwanza ilianza juu ya ukurasa ikafika chini bila kupumua. Mwalimu aliniomba nimweleze inasema nini. Niliisoma tena, polepole, kwa heshima zote, nikagundua kwamba hata mimi sijui. Nikamwambia ni nzito kidogo. Akasema ameliona hilo.

Ndipo aliponituma kwa fundi wa mashine ya nakala. Huo ndio utaratibu wake, na hauandikwi kwenye mtaala wowote. Kabla ya kuandika hoja kwa Kiingereza, mwanafunzi huenda kwanza kuieleza kwa Kiswahili kwa mtu asiyehusika nayo: fundi wa nakala, mlinzi wa geti, mpishi wa kantini, hata mjomba kwenye simu. Msikilizaji akisema "hongera", umefeli, rudi ukafikiri. Akiuliza swali, basi una kitu, kaandike. Fundi wetu amesikiliza nadharia za kila namna katikati ya kelele za mashine yake. Mimi alinipa hongera muhula mzima.

Mwalimu aligundua pia kwamba wanafunzi wa biashara walikuwa wakiandika kuhusu faida bila binadamu hata mmoja ndani yake, na wa sosholojia wakiandika kuhusu binadamu wasionunua hata chumvi. Akawachanganya, wawili wawili, waandike pamoja. Mimi nilipangwa na msichana wa sosholojia aliyenizidi akili na subira. Tulitakiwa kuchunguza kwa nini mafundi cherehani wa mtaa mmoja hawaungani wakawa na duka moja. Mwenzangu alitaka tukaongee nao. Nikamwambia maongezi si sayansi, nikatunga dodoso kwa Kiingereza cha juu kabisa, kisha nikalitafsiri kwa Kiswahili ambacho nacho kilihitaji mkalimani.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Mafundi wote walikubaliana na kila kitu. Walikubali kwamba wanapenda kushirikiana, na mistari miwili chini yake wakakubali kwamba hawapendi kabisa. Mama mmoja alikubali kwamba ni mjane, kisha akakubali kwamba mumewe humsaidia kukata vitambaa. Mimi sikuona tatizo. Nilichora grafu ya rangi nne nikaiwasilisha darasani kama ushahidi wa mshikamano wa kijamii. Mwalimu aliitazama ile grafu kwa muda mrefu, akaomba maji ya kunywa.

Tulirudishwa mtaani siku iliyofuata bila karatasi. Yule mama alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Mwanangu," akaniambia, "tulikuona umevaa tai, jua lote lile, tukasema huyu tusimwangushe." Kisha wakaongea mchana kutwa. Tulichokileta darasani safari hii kilikuwa Kiingereza chepesi, na kwa mara ya kwanza kilisema jambo: kwamba kila fundi ana wateja wanaomwamini na vipimo vya miili yao, na hakuna anayetaka vipimo vyake vijulikane na jirani. Nilipata alama B. Mwenzangu alipata A, na hakuna aliyeshangaa.

Tukitaja mafanikio yake yote tutakesha. Aliandika kitabu cha mazoezi kinachotumika mpaka leo. Alifanya kazi chini ya wakuu wa idara watano, wote aliwauliza lile swali lake, na wawili walimjibu. Ni kweli hakuwahi kuelewana na projekta. Alikuwa akiigonga kwa kiganja kama mtu anayejaribu kuamsha jamaa. Na kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, alijianika mwenyewe kabla hajatuanika sisi. Alisimulia jinsi alivyokwenda kwenye mkutano wa kitaaluma nje ya nchi, akajadili matabaka ya jamii kwa Kiingereza hadi wakampigia makofi, halafu asubuhi yake mhudumu wa hoteli akamuuliza anataka yai lipikweje. Hakuna kitabu kilichomwandaa kwa swali hilo. Alikula mkate mkavu siku tatu.

Sasa nifike penye uzito. Mwezi uliopita, tukiwa tunapanga vitabu vyake kwenye maboksi, nilimuuliza familia yake itahitaji viti vingapi kwenye sherehe. Akasema kimoja, na hicho hana hakika nacho. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, amekataa kuja. Amemwambia, "Mdogo wangu, hayo ni mambo yenu wasomi. Nitakaa pale kama gunia, nicheke wenzangu wakicheka." Dada huyu aliacha shule akiwa darasa la sita, akafua nguo za watu ili mdogo wake aendelee. Miaka yote hii anajua tu kwamba mdogo wake anafundisha Kizungu, na kwamba yeye hana lake katika kazi hiyo.

Mwalimu akaanza kufunga kwa gundi boksi ambalo bado lilikuwa tupu. Kisha akanipa agizo: wasifu huu uandikwe kwa Kiswahili, ueleweke, na umfikie dada yake nyumbani kabla ya Ijumaa. Akasema hataki zawadi nyingine. Mimi nikaitikia haraka haraka, kama kawaida yangu, kabla ya kufikiri.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na weledi uliotukuka, tasnia na mustakabali. Nikaipeleka kwa fundi wa nakala. Akasema hongera. Nikaichana. Ya pili aliisoma mpaka mwisho, akashika kichwa, akauliza, "Kwani Mwalimu amefariki?" Kwa dakika nzima nilifurahi, maana hilo lilikuwa swali. Halafu nikaona kwamba nilikuwa nimemtakia apumzike kwa amani. Hii ya tatu sijampelekea. Naogopa.

Basi, Dada yetu, sehemu iliyobaki ni yako. Anayekusomea naomba asome taratibu.

Siku ile ya maboksi nilimuuliza Mwalimu alijifunza wapi ule utaratibu wake wa kuipeleka hoja kwanza kwa mtu wa pembeni. Nilitegemea atanitajia chuo fulani cha ng'ambo. Alinitajia jikoni kwako. Alisema kila alipotoka shule ulimkalisha kwenye kigoda ukamwambia, "Haya, na mimi niambie mlichosoma." Akikariri tu, ulisema "vizuri" ukaendelea na vyombo vyako, naye akajua kwamba hajaelewa kitu. Akieleza alichokielewa, uliviacha vyombo, ukaanza kumuuliza maswali, na mengine hakuweza kuyajibu mpaka akamuulize mwalimu kesho yake. Alisema kwamba darasani alikuwa anasikiliza kwa ajili ya maswali yako ya jioni. Alipopewa ile meza ya nyuma maktabani, akiwa hajasomea ualimu na hajui aanzie wapi, alifanya ulichokuwa ukimfanyia wewe.

Hajawahi kukuambia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alidhani unajua.

Mameneja waliopita mikononi mwake, watafiti, wahasibu, walimu wenzake, na mimi pia, wote tumefundishwa kwa namna yako. Wewe hukutuona, na sisi hatukujua tukushukuru. Tunakushukuru sasa.

Mwalimu, umetutoa mbali, na baadhi yetu tulikuwa wazito kuburuta. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, mayai yaliyopikwa upendavyo, na jioni nyingi zisizo na insha za kusahihisha. Uishi vizuri, na usitusahau.

Na wewe, Dada, kiti chako kiko mstari wa mbele, ubavuni mwa mdogo wako. Hotuba zote zitakuwa kwa Kiswahili. Mkuu wa idara amekubali, ingawa kwa shingo upande. Njoo. Na yeyote atakayesimama akasema usichokielewa, usimpigie makofi. Muulize.