Paipu Isiyo na Mbele

Benchi yetu iko Bwera, nje ya karakana ya Wahab, fundi wa kuchomelea vyuma tunayemwita Cheche. Jamani, leo tumechoka. Jua linauma, kahawa anayotuuzia Erina imebaki chini ya birika, na mbele ya miguu yetu imelala paipu moja iliyokatwa vibaya. Ni paipu ya katikati ya baiskeli mpya ya magurudumu matatu ya Asmah, yule dada wa miguu mibovu anayevusha mizigo pale mpakani Mpondwe. Baiskeli yake ya zamani ilivunjika. Kesho ni siku ya soko, na paipu ya unene huo imeisha maduka yote ya Bwera. Cheche ameinama, kichwa mikononi.

— Soma karatasi ya muchoro tena! akasema Thembo. Huyu alikuwa jeshini, tunamwita Afande, na hata akiomba sukari ni amri.

— Nimesoma mpaka macho inauma, Cheche akajibu. Mudomo ya mbele, hii nakata kwa ncha, inashika nguzo ya usukani, nguzo imesimama. Mudomo ya nyuma inashika ekseli, ekseli imelala. Karatasi inaonyesha ya mbele tu. Ya nyuma imejificha kwa muviringo. Mimi nikakata zote mbili sawa, kumbe ya nyuma ilitaka kulala.

— Nani alichora?

— Anselme, kule Kasese. Kwa kompyuta.

— Si angechora upande ingine pia?

— Upande gani, Afande? Chuma ya pembe nne iko na upande. Hii ya muviringo unageuza, iko vile vile. Unageuza tena, iko vile vile. Kompyuta ilichagua yenyewe upande wa kuonyesha.

Muhindo, muuza vitenge kutoka Butembo ng'ambo ya mpaka, akakohoa. Tunamwita Musyu kwa sababu ya Kifaransa chake.

— Mi najua shida. Anselme alisoma kwetu. Kule banachora Kifaransa. Unaangalia kitu huku, unaichora kule. Voilà!

— Toka hapa na voilà yako, Musyu, Erina akasema.

— Shida ni njia, akasema Afande. Karatasi ilitoka Kasese, ikapita Kikorongo. Pale iko ikweta. Si wanaonyesha wazungu maji inazunguka huku, ukivuka mustari inazunguka kule? Kama maji inageuka, paipu itashindwa?

— Lakini hata wewe ulipita pale jana, Musyu akasema.

— Ndiyo maana kichwa inaniuma mpaka saa hii.

Tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Cheche hakucheka. Erina akainua birika, akalitikisa, akaliweka chini.

— Cheche, wewe siku zote unakalisha mutu kwanza, unapiga chaki, ndiyo unakata. Asmah ulimukalisha lini?

— Hii ilikuwa ya kompyuta, Erina. Niliona haya kupiga chaki.

Hapo bodaboda ikasimama. Alikuwa Asmah mwenyewe, amekuja kuchukua baiskeli yake. Mwenye bodaboda akambeba, akamketisha kati ya Afande na Musyu. Aliiona paipu, akatuona sisi, akaelewa kabla hatujamwambia. Akaomba karatasi. Akaigeuza, akaigeuza tena. Kulikuwa na paipu tu, peke yake, na weupe pande zote.

— Mimi nakaa wapi hapa?

Cheche akainua kichwa.

— Nauliza tu. Gurudumu iko wapi? Muzigo naweka wapi? Naangalia upande gani?

Musyu akatafuta Kifaransa, akakikosa.

— Erina, tia kahawa, Cheche akasema kwa sauti ndogo.

— Imeisha.

— Kesho wenzangu wanavuka, akasema Asmah. Wateja hawaningoji mimi. Watapata mutu mwingine, basi.

Roho iliniuma, kweli. Cheche akatoa kipande cha chaki mfukoni, akapiga magoti mbele yake.

— Kaa hivyo hivyo, dada. Nipime.

— Unapima nini, Cheche? Asmah akauliza. Paipu si umeshaikata?