Mpuliza Tarumbeta wa Bendi ya Magunia

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ukutani kwa kibanda cha kinyozi, na katikati umebonyea kwa sababu ya Spana, fundi baiskeli, aliyeukalia miaka kumi na mitano bila likizo. Jua likipungua makali, Mama Birika hutua na kahawa yake, na ubishi huanza. Siku hiyo ubishi aliuleta kinyozi mwenyewe, Wembe, mtu ambaye kwa kawaida husikiliza tu. Alitoka kibandani, akaweka simu juu ya ubao, akabonyeza. Gita likatangulia, kisha tarumbeta ikaingia kama mtu anayejua kwao.

Wembe alikuwa na sababu zake. Wiki tatu nyuma alikuwa akimnyoa fundi umeme mmoja, na fundi akafungulia muziki kwenye simu. Wembe aliposikia ile tarumbeta, mashine ilisimama hewani, kichwa cha mteja kikiwa nusu kipara, nusu msitu. Akauliza kama hiyo ni bendi mpya. Fundi umeme akacheka; akasema hiyo ilikuwa bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, imekufa zaidi ya miaka thelathini, ndiyo kwanza vijana wanaigundua. Akamwonyesha picha ya jalada la santuri: wanaume saba, mashati ya mirabaraba. Wa mwisho kulia, mwenye tarumbeta, alikuwa kaka yake Wembe, baba mmoja, mama mmoja.

Tangu hapo akawa anausikiliza muziki huo peke yake, mlango umeegeshwa. Hakuwahi kuujua. Kwao, baba alipiga marufuku jina la ile bendi. Alisema mtoto aliyesomeshwa hapulizi bomba. Kaka akahama. Wembe, miaka kumi na saba, akashika upande wa baba, maana ndio uliokuwa na chakula. Bendi ilipokuja kupiga kiwanja cha jirani, wenzake wa shule wakamuuliza kama yule mpulizaji si kaka yake.

"Tunafanana tu," akajibu.

Alipogeuka, kaka yake alikuwa amesimama nyuma yake, tarumbeta kwapani. Kaka akapanda jukwaani. Wembe akaondoka kabla muziki haujaanza.

Hawakugombana. Miaka yote iliyofuata walionana misibani na harusini, wakaongea habari za mabati, shamba la mama na presha. Tarumbeta haikutajwa hata siku moja.

Wimbo ulipokwisha, Spana aliomba urudiwe, akafumba macho. Kisha akatoa hukumu kwamba mpulizaji huyo ana mapafu matatu.

"Haba na haba hujaza kibaba," akasema. "Hewa yote hiyo kaiweka akiba tangu akinyonya."

Karani, aliyestaafu mahakamani na bado huongea kama anasoma mashtaka, hakukubali. Alisema hao ni wapulizaji wawili, mmoja kafichwa nyuma ya pazia, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Spana akamwuliza kwa nini wamfiche. Karani akajibu kwamba wa pili alikuwa mfungwa, akitolewa gerezani kurekodi na kurudishwa kabla ya hesabu ya jioni. Mama Birika akasema wanaume wanasahau jambo dogo: huyo aliachwa na mke, basi, na amewauzia kahawa wengi wa namna hiyo. Spana akaona anapitwa. Akadai mpulizaji alikufa katikati ya wimbo, wenzake wakaacha mashine iendelee kunasa, na ile sauti ndefu ya mwisho ni roho yake ikitoka.

Wembe alimsikia kaka yake akipewa pafu la tatu, akifungwa, akiachwa, akizikwa. Neno moja tu lingetosha kumfufua. Badala yake akapangusa vumbi kwenye ubao.

Kando yao alisimama mwalimu mmoja, mgeni wa mtaa, aliyekuwa akisubiri Spana amzibie tairi. Alisubiri hadi adabu ikamwishia.

"Samahani, wazee wangu," akasema. "Huyo mtu, kuna aliyewahi kumwambia kwamba anapuliza vizuri?"

Spana akakumbuka tairi. Mama Birika akainamisha birika kwenye kikombe, halikutoa kitu.

Wembe akachukua simu. Akasogea hatua tatu, akampigia kaka yake. Akauliza hali, akauliza mvua, akauliza presha, maswali yakamwishia.

"Kaka, nimeusikia muziki wenu. Ni mzuri."

Upande wa pili walisikika kuku.

"Siku ile niliondoka mapema," Wembe akasema.

"Nilikuona."

Wembe akangoja lawama. Haikuja.

"Umesikia upi?" kaka akauliza.

Jina la wimbo hakulijua. Basi akapiga mluzi. Alisimama pale ukutani, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, akaanza kuipiga tarumbeta ile kwa mluzi mbele ya benchi zima. Spana aliacha tairi mkononi. Karani alimtazama Wembe, akaitazama simu, na taratibu mambo yakaanza kumwingia akilini.

Hakufika nusu, kaka akamkatiza.

"Hapo umekosea, mdogo wangu. Haipandi, inashuka." Akamwimbia mwenyewe kwa mdomo, sauti ya mzee, pumzi fupi, lakini kila kitu mahali pake.

Wembe akarudia. Akakosea tena palepale.

"Bado," kaka akasema. "Anza mwanzo."

Wembe akalowesha midomo, akaanza mwanzo.