Miaka Tisa Nikimchukia Mpiga Mzinga Wetu

Bwana asifiwe, watu wa Thika! Na nyinyi mliotoka Ruiru na mimi asubuhi hii, msifuni kwa sauti zaidi, maana nyinyi ndio mnajua vile nilikuwa. Kuna mmoja hapo nyuma ameanza kucheka. Cheka tu, ndugu yangu. Nilikutukana getini mara ngapi?

Naitwa Njoroge. Mimi ni mlinzi kwenye geti la mtaa mmoja pale Membley, na kabla ya hapo nilikuwa mwanajeshi. Nilikuwa dereva wa kifaru. Najua mkisikia dereva mnafikiria usukani na kioo kikubwa mbele. Hapana! Dereva wa kifaru amelala nusu chali, mbele kabisa, chini kabisa, peke yake, na kifuniko cha chuma juu ya kichwa chake. Njia anaiona kupitia kioo cha upana wa kiganja. Wenzake watatu wako juu, nyuma yake, kwenye ile sehemu inayozunguka pamoja na mzinga. Yeye hawaoni, na wao hawamwoni. Wanasikizana kwa waya wa masikioni tu.

Ndugu zangu, leo sikuja kujisifu. Nimekuja kuwasifu hao watatu, na kumsifu Mungu aliyeniweka kati yao, kwa sababu kwa miaka mingi nilifanya kinyume.

Kamanda wetu tulimwita Sajini, mtu wa Kakamega, mwembamba, mnyamavu. Sauti yake haikupanda hata siku moja. Risasi zinagonga chuma ungedhani ni mvua ya mawe kwenye mabati, na yeye ananiambia, "Njoroge, kushoto kidogo. Hapo hapo. Asante." Asante! Katikati ya vita! Mpakiaji wetu alikuwa Rono, ambaye kazi yake ni kuinua makombora na kuyaingiza kwenye mzinga. Ndani mle joto linaweza kukuangusha bila adui kukugusa, lakini Rono aliinua siku nzima na bado akapata pumzi ya kututania. Na mpiga mzinga alikuwa Mutua, Mkamba wa Ngoliba. Mimi na yeye tulijuana haraka kwa sababu wote tulikuwa wa huku. Maji yakibaki kidogo kwenye chupa, Mutua hakuyamaliza. Alikuwa anasema dereva ndiye amefungiwa kwenye joto kuliko wote, kwa hivyo apewe yeye.

Tulikuwa ng'ambo ya mpaka. Siku moja malori mawili ya wenzetu yalikwama kwenye mchanga, na adui akaanza kuyapiga kutoka kwenye vichaka. Sajini aliniambia niende nikasimame katikati, kati ya malori na risasi. Nikaenda. Tulisimama pale, chuma kikipokea kila kitu, mpaka askari wa mwisho akatoka kwenye lori la mwisho. Mutua alipiga mara tatu tu, na vichaka vikanyamaza. Kuna wanaume huko nje leo wanalea watoto kwa sababu ya macho ya Mutua. Sisemi uongo, niko madhabahuni.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo maisha yangu yalivunjika.

Kwa watu wa vifaru kuna sheria unafunzwa kabla hata ya kugusa injini. Mzinga ukiteremshwa ukielekea mbele, unaziba kifuniko cha dereva. Dereva hawezi kutoka, hata awe na nguvu za Samsoni. Kwa hivyo mpiga mzinga akishamaliza kupiga anaupandisha, anasema "tayari," ndipo tunasonga. Na kama kifaru kinaachwa, hakuna mtu anaruka kabla mzinga haujatolewa juu ya dereva. Hakuna!

Asubuhi moja tulikuwa tumetangulia mbele ya msafara. Tukapigwa kutoka kwenye bonde, Mutua akateremsha mzinga, akajibu. Kukawa kimya. Nikasikia Sajini akiuliza, nikasikia Mutua akijibu, "Tayari." Nikasonga. Hatukuenda mbali. Tulikanyaga bomu lililotegwa ardhini.

Ndugu zangu, sikusikia mlio. Niliona weupe tu. Nilipopata fahamu, kifaru kilikuwa kimeinama upande mmoja, injini imezima, waya wa masikioni umekufa, na moshi unaingia kutoka nyuma. Nilisukuma kifuniko. Kikainuka kidogo kidogo tu, kikagonga kitu. Nikachungulia kwenye ule ufa nikaona mzinga. Mzinga wetu wenyewe, umelala juu yangu.

Kisha nikasikia buti. Buti za watu wakitoka. Buti juu ya chuma, juu ya kichwa changu, halafu milio ya risasi. Nilipiga kelele. Nilimwita Mutua kwa jina lake. Hakuna aliyejibu. Nikasema moyoni, wameruka. Wamejiokoa, wameniacha niungue.

Ghafla mzinga ukaanza kusogea. Pole pole. Ukasogea mpaka kifuniko kikafunguka, nikajivuta nje, nikaanguka kwenye mchanga, na sikumbuki kingine. Niliamka hospitalini. Nikajiambia kifaru kilikuwa kimeinama, kwa hivyo mzinga umesogea kwa uzito wake wenyewe. Mungu ameuteremsha kando. Watu waliniacha, Mungu akaniokoa. Hiyo ndiyo hadithi niliyotoka nayo vitani, na hakuna mtu angenitoa hapo.

Sajini alikuja kunitazama mara mbili. Mara zote mbili niligeuza uso ukutani. Mutua hakuja, nikasema, ataanzia wapi kuja?

Nikarudi nyumbani Ruiru, lakini aliyerudi hakuwa mimi. Sikuweza kukaa mahali pamefungwa. Pale kazini walinijengea kibanda kizuri cha mlinzi, na mimi nikikaa nje kwenye mvua, nimejifunika gunia, wenye magari wakinishangaa. Nyumbani niliondoa mlango wa bafu kwa nyundo. Mke wangu Wambui akalia, "Haiya, Baba Ciku, sasa tutaoga aje?" Nikamfokea. Nikaanza kunywa keg, ile bia ya bei rahisi. Nikitoka huko ninagombana na kila mtu, hata na mbwa wa jirani.

Na kanisani nilikuwa nakuja! Hapo ndipo mjue ugumu wangu. Nyinyi wa Ruiru mliniombea mara ngapi? Mchungaji akaniuliza, akiwa ameniwekea mkono kichwani, "Njoroge, kuna mtu hujamsamehe?" Nikajibu hakuna. Nilidanganya nikiwa nimepiga magoti. Kila mwaka, ile tarehe ya mlipuko ikifika, simu yangu inalia, jina ni Mutua. Ninaiangalia mpaka inyamaze. Miaka tisa, ndugu zangu. Nilikuwa nafurahia ikinyamaza.

Mwaka huu simu ililia nikiwa nimeiacha mezani, na Wambui akaishika. Waliongea sana. Nilipoingia alikuwa amesimama katikati ya nyumba, begi la mtoto wetu Ciku liko miguuni.

Akaniambia, "Mimi nimechoka, Baba Ciku. Aki nimechoka. Huyo Mutua anauliza kama uko mzima, nimekosa cha kumwambia. Either uende uongee na yeye, ama mimi na mtoto twende kwa mum. Chagua leo."

Wambui si mtu wa kutisha bure. Nilijua akivuka ule mlango harudi. Kwa hivyo nikaenda Ngoliba. Lakini msifikiri nilienda kusamehe! Nilienda kumtukana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, la kwanza na la pili, na lile la mwisho la kumwangusha.

Nilimkuta shambani kwake, kati ya mistari ya nyanya. Alikuwa amenipa mgongo, anafunga mche kwenye kijiti. Nikashangaa anavyofunga. Ameshika kamba kwa meno. Anaivuta kwa meno, anaizungusha kwa vidole viwili, anaivuta tena. Akageuka, kamba bado mdomoni, akaniona. Akaitema.

"Njoro! Ni wewe? Umekuja kweli?"

Akaninyoshea mkono. Ndugu zangu, ule haukuwa mkono niliouacha. Ngozi ilikuwa imevutika na kung'aa mpaka juu ya kiwiko, na vidole vitatu vimeshikana pamoja. Mkono wa pili ulikuwa afadhali kidogo tu.

Sikuushika. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, na mdomo wangu ukayatoa. Nikamwambia, "Mliniacha."

Mutua akanitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Tulikuacha wapi?"

"Ndani. Nilisikia buti zenu."

Akakaa chini pale pale kwenye udongo. Akasema, "Woi, Njoro. Mimi nakupigia miaka yote hii nikuombe msamaha. Ule mzinga ni mimi niliuacha pale. Sajini aliuliza kama niko tayari, nikasema tayari, na sikuwa nimeupandisha. Nilitaka kuangalia bonde kidogo tu kwa darubini ya mzinga. Nikajua hiyo ndiyo sababu hushiki simu. Nikasema, ako na haki."

Nikamuuliza, "Na wewe ulitoka saa ngapi?"

"Mimi? Baada yako. Ningetoka aje na wewe uko ndani?"

Haleluya! Niombeeni nimalize hii sehemu.

Mzinga haukusogea kwa uzito wake. Umeme ulikuwa umekufa na mzinga umekwama, haupandi, kwa hivyo Mutua alibaki kuzungusha kile kichwa chote cha kifaru kwa mkono, kwa ile hendeli ndogo iliyowekwa kwa siku kama hiyo. Ni tani na tani za chuma, na kifaru kimeinama, kwa hivyo alikuwa anazivuta kupanda mlima. Moto uliingia kutoka kwenye injini ukamkuta hapo hapo kwenye kiti. Hendeli ikawa inaungua, na yeye ameishika. Mkono wa kulia ulipokataa akaweka wa kushoto. Rono, ambaye mlipuko ulikuwa umemvunja bega, alikuwa ametolewa kwanza na Sajini. Sajini akarudi, akamshika Mutua kola amvute nje, na Mutua akamwambia maneno mawili: "Dereva bado."

Na Sajini, ndugu zangu, Sajini hakubishana. Alipanda mbele, akasimama wima juu ya kifaru kinachowaka, adui akimpiga risasi, ili aone mzinga umefika wapi na ampigie Mutua kelele za kumwelekeza. Zile buti! Buti nilizosikia juu ya kichwa changu, nikasema wanakimbia, zilikuwa buti za mtu aliyekataa kukimbia. Mimi nilikuwa chini yake, inchi chache, namlaani.

Na kwa nini Mutua hakuja hospitalini kunitazama? Alikuwa hospitali nyingine, miezi saba, wanamtoa ngozi ya paja kumwekea mikononi.

Nilipiga magoti kwenye yale matope ya nyanya. Nililia mpaka mke wa Mutua akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna msiba. Mutua akaweka mikono yake kichwani mwangu, hiyo hiyo mikono, akaomba. Hakuomba kwa ufundi kama mchungaji wetu. Alisema tu, "Mungu, asante Njoro alitoka. Sasa mtoe kabisa." Na nikatoka! Ndugu zangu, kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwangu miaka tisa kiliondoka, na nikapumua mpaka chini. Na mimi pia nikamsamehe ule mzinga, kwa sababu alikuwa analihitaji hilo kuliko chai. Alilia yeye pia, akasema ni moshi wa jikoni.

Tulimpigia Sajini siku hiyo hiyo. Alikuwa analisha ng'ombe. Akatusikiliza wote wawili tukiongea kwa pamoja, halafu akasema, "Sasa mtakuja kunitembelea lini nyinyi?" Basi. Huyo ndiye Sajini.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimepona siku moja. Ndoto bado zinakuja, na kuna daktari ninayemwona kuhusu hizo, wala sioni haya. Lakini keg nimeacha. Wambui yuko hapo, muulizeni. Begi la Ciku lilirudi chini ya kitanda, na bafu lina mlango mpya ambao nimeuweka mwenyewe. Nimeuweka kombo kidogo, lakini ni mlango.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe uliyeketi hapo na jina la mtu fulani limekukwama kama mfupa kooni. Sijui alikufanyia nini. Labda alikukosea kweli. Mimi ninachojua ni kwamba nilikuwa chini ya chuma, ninaona kwa kioo cha upana wa kiganja, na bado nikajifanya nimeona vita vyote. Mwamini Mungu anayeona juu na chini ya chuma. Mwambie leo, "Bwana, nionyeshe ile sehemu sikuiona." Ukitaka tuombe pamoja, njoo mbele, nitakusimamia mimi mwenyewe.

Na Mutua yuko hapa. Ni yule wa safu ya pili, amevaa shati la kijani, sasa hivi anaangalia chini kwa sababu nilimwahidi sitamtaja. Nimedanganya kanisani tena, Mungu anisamehe. Ibada ikiisha, pangeni laini mumsalimie. Msimfinye vidole, bado vinamuuma. Mimi nitakuwa wa kwanza, kwa sababu siku ile shambani aliponinyoshea mkono, sikuushika.