Mrusha Mpira wa Darlene

Katika mji wetu wa Ohio, Ijumaa ni siku ya mpira wa shule, ule wa Kimarekani wa kushikwa mikononi, na Jumatatu ni siku ya kulaumiana. Timu ilikuwa imemaliza mechi tatu bila pointi hata moja. Kwenye basi la jioni, kiti cha mbele yangu, Darlene Pruitt alikuwa njiani kwenda shuleni kumtetea mwanawe, mrusha mpira wa timu anayeanzisha kila shambulizi, ambaye kocha alitaka kumweka benchi. Mzee aliyekaa karibu naye, mwenye koti la timu hiyo la enzi zake za kucheza, hakumwonea huruma.

"Samahani, mama, mwanao hana uwezo. Kocha hana kosa."

"Hana kosa? Kila mara anaagiza mpira ukimbizwe katikati ya wapinzani! Bibi zetu jukwaani wanapiga kelele 'katikati' kabla mpira haujaguswa."

"Sisi tulikimbia katikati msimu mzima, na nani alituzuia?"

"Nyinyi mlikuwa na miili kama makabati, mzee wangu. Anayemkinga mwanangu asiangushwe anapiga tarumbeta kwenye bendi wakati wa mapumziko, jezi ikiwa bado mwilini!"

"Si umeona? Wachezaji hamna!"

Nikadhani Darlene amejimaliza mwenyewe. Wapi!

"Basi mpiga tarumbeta anatumwa kusukumana na makabati ya nini? Si mpira urushwe mapema? Mwanangu anafikisha yadi hamsini."

Mzee akageuka mwili mzima. "Hamsini? Mbona sijawahi kuona?"

"Kamuulize kocha."

Basi likasimama mbele ya shule, wakashuka wakibishana. Kituo changu kilikuwa bado mbali, lakini nami nikashuka.