Mzee Josephat Aletewa Kamba

Treni ilipokaribia Mpanda, Imakulata alikuwa ameshasahau kusuka ukili wake. Masikio yote yalikuwa kwa wazee wawili waliokaa mbele yake.

"Mkwe wangu akanipeleka hoteli kubwa ya vyakula vya baharini, Dar," alisema Mzee Josephat, mrina asali wa Ugalla. "Mhudumu akaniinamia: 'Mzee, leo tuna kamba.' Nikamwambia, mwanangu, mizinga yangu nimeiacha nyumbani, hizo kamba nikafungie nini?"

Mzee Yohani, mkulima wa Kakese, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kumbe?"

"Kumbe samaki! Mwekundu, ana masharubu kumshinda katekista wetu."

"Na miguu?"

"Mingi."

"Samaki hana miguu. Umekula mdudu."

"Basi mdudu mtamu! Nimelamba hadi sahani."

Imakulata alikuwa na kumbikumbi wa kukaanga kikapuni, kwa hiyo alikifunika vizuri.

Treni ikasimama. Mke wa Josephat alikuwa tayari chini ya dirisha, anapunga kanga.

"Pole na safari, baba Elias! Mkwe alikulisha nini huko?"

"Kamba!"

Mama akashika kichwa. "Yesu na Maria! Na yeye alikuwa anakuangalia tu?"