Sikio la Fundi Saa

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vipuri, na Mama Kahawa huweka birika lake pembeni. Jioni ile tulikuwa watatu: Gia Nne, dereva mstaafu; Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mtu; na mimi. Mwenzetu Fundi Saa, aliyezaliwa na ualbino, alikuwa amelazwa. Kile kidonda cha sikioni, tulichokuwa tukikiita chunusi mwaka mzima, kumbe saratani ya ngozi.

— Nasikia wanamkata vipande vyembamba, alisema Gia Nne. Wanakata, wanapima, wanarudi kukata tena.

— Wakate taratibu tu, Profesa akasema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ya akiba, bwana! Mama Kahawa akamkemea. Sikio la mtu ni akiba?

— Basi chanzo ni betri za saa, Profesa akasema. Zina sumu zile.

— Angeanza kuoza vidole, siyo sikio! Mama Kahawa akamjibu.

— Au ile lenzi anayoibana jichoni akitengeneza saa. Inavuta mwanga, unamchoma sikioni.

— Mimi nilimpa dawa mapema, Gia Nne akasema. Nilimwambia apake mafuta ya breki, kidonda kikauke.

— Akapaka? nikamuuliza.

— Akapaka. Aliniamini.



Ndipo akaja mwanamke tusiyemjua, kabeba mfuko wa nguo.

— Za jioni, kaka zangu. Mimi dada yake Fundi Saa. Anawasalimu.

— Karibu, dada. Anaendeleaje?

— Wamemkata mara tatu. Kila wakikata wanatazama kingo za kipande kwa darubini, wanakuta saratani bado ipo. Mara ya tatu ndiyo zikawa safi. Nusu ya sikio imekwenda. Wameziba kwa ngozi ya shingoni. Nilimpa kioo, akakigeuza.

— Lakini kapona? Gia Nne aliuliza.

— Kapona. Daktari anasema angewahi, wangetoa kidogo tu, kama punje ya dengu.

Mama Kahawa akammiminia kikombe. Hakukigusa. Alikuwa analitazama benchi.

— Jua kakatazwa kabisa, akasema. Ila soga zenu hawezi kuziacha, kila siku anawataja. Sasa akirudi, atakaa wapi?

Tukatazamana. Sote watatu tulikuwa tumebanana kivulini. Pale mwisho wa benchi, mahali pake pa miaka yote, jua lilikuwa bado linawaka.