Mama Alinivuta kwa Kamba ya Mbuzi Kabla Sijazamia Meli

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na apewe tena na wale wa viti vya nyuma ambao hawakuitika. Wenzangu wa hapa Heru Juu nawasalimu kwa ya nyumbani: mwakeye. Mimi ni Obadia, fundi wa pampu za maji kule Kasulu mjini, mhitimu wa shule ya jioni. Kiswahili nilifaulu kwa alama ambazo mwalimu alizitazama mara mbili. Nakitaja Kiswahili kwa sababu neno lake moja lilitaka kumuua mama yangu, na neno hilohilo Mungu alilitumia kuniokoa mimi.

Wengi mnajua kwamba nilipata kibarua Kigoma cha kutengeneza mabomba yanayovuta maji ziwani, na huko nikafundishwa kuzama na mtungi wa hewa mgongoni. Siku moja nikaona chini boti kuukuu, mbavu nje, samaki wakiingia na kutoka kama wenye nyumba. Ndugu zangu, nilishikwa. Kuanzia hapo hata nikichimba kisima Makere nilitazamia kukuta meli.

Kisha nikaenda Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi, kufufua pampu, na huko nikakutana na Daktari Ramadhani. Ni mtu wa Tanga, serikali ilimleta Kibondo, na alijifunza kuzama tangu ujana wake kule pwani. Yeye ndiye aliyenimaliza. Aliniambia bahari ya joto hula meli haraka, ila bahari ya baridi huitunza. Akasema Norwei kuna meli iliyokaa chini na ngazi zake zote, na sahani jikoni, kama vile wenyewe wametoka kidogo kwenda dukani.

Tukaamua kwenda wenyewe, bila kampuni ya watalii. Harusi ya Kiha yenye wajomba kumi wasiosalimiana ni rahisi kupanga kuliko safari ile. Tulitafuta mwenye mashua. Tulisoma saa ambazo mkondo wa bahari hutulia. Daktari alitaka kujua hospitali ipi ya karibu ina chumba cha kumtibu mzamaji aliyepanda juu haraka mno, na hakulala mpaka alipoijua. Mimi nilitafuta suti, ile nguo nene isiyopitisha maji, maana maji ya kule yakigusa ngozi, mtu anasahau hata jina alilobatizwa. Nikapata ya mtumba. Nikaijaribu Kigoma, ziwani, nikatoka mgongo umelowa.

"Hayo ni maji," Daktari akasema.

"Ni jasho. Ziwa lina joto, na nimevaa godoro."

"Una hakika, Obadia?"

"Daktari, mimi ni Muha. Jasho langu nalijua kwa sura."

Basi likapita hivyo. Jumapili iliyofuata nilisimama hapahapa, wakati wa mahitaji ya maombi, nikasema kwa furaha, "Ndugu zangu, niombeeni. Mimi na daktari mmoja wa Kibondo tunakwenda Ulaya kuzamia meli."

Mnakumbuka kanisa lilivyonyamaza. Mimi nilidhani ni heshima.

Sasa, kwa mgeni aliye katikati yetu leo, nieleze. Kuzamia meli ni kuzama chini kuiendea, ndivyo nilivyokusudia. Lakini kwa watu, kuzamia meli ni kujificha ndani yake bila tiketi wala karatasi ili ukatokee nchi za watu. Mama yangu Kiswahili chake ni cha sokoni, na neno hilo alilijua kwa ajili ya mtu mmoja tu. Kaka yangu mkubwa, Elia, alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Baadaye tukaletewa habari kwamba amezamia meli bandarini. Tangu hapo hajapiga simu, hajatuma salamu, hakuna aliyemwona. Na mama yangu mpaka leo anaitwa Mama Elia.

Basi mama alinyanyuka akatoka kanisani. Nilipofika nyumbani kwake alikuwa amelala mchana, yeye ambaye jua halijawahi kumkuta kitandani. Uji aliurudisha. Jirani akaniambia, "Hajala. Anasema chakula cha nini, watoto wameisha."

Jioni Mchungaji akaja na wazee wawili wa kanisa kunikemea pepo wa kuzamia. Mchungaji unacheka, lakini siku ile hukuingia ukicheka.

"Obadia, una pasipoti?" akauliza.

"Ninayo, Mchungaji."

"Viza?"

"Wamenipa."

"Tiketi ya ndege?"

"Ya kwenda na kurudi."

Akamtazama mzee mmoja, akanirudia. "Sasa mwanangu, unazamia kwa nini?"

Hapo ndipo akili iliponifunguka. Nikaeleza jambo zima, kwamba meli yenyewe ilizama zamani, iko chini, tunakwenda kuitazama tu. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. "Yaani unazamia meli iliyokwisha kuzama? Itakufikisha wapi hiyo?"

Tulicheka mpaka kuku wakatoka bandani. Mama hakucheka. Alikuwa ameketi kitandani, kanga mabegani.

"Elia aliingia meli inayoelea," akasema. "Wewe unaifuata ya chini. Afadhali yake."

"Mama, mimi narudi. Kuzama huku kuna kurudi."

"Nionyeshe."

"Nikuonyesheje?"

"Kuna bwawa la kanisa. Kazame hapo, nikuone unarudi. Na kamba nashika mimi. Usiponionyesha, hiyo safari utapita juu ya mwili wangu."

Ndugu zangu, bwawa la kanisa mnalijua. Ni la perege, na kina chake kinamtosha mtu mrefu tu. Lakini linalishwa na chemchemi, na ilikuwa Juni, wakati imbeho, baridi ya hapa kwetu, hufanya jogoo awike akiwa amejifunika. Daktari akaja kutoka Kibondo kusimamia. Kijiji kizima kikaja, pamoja na nusu ya Burundi. Nilipotokea na ile suti, mwanamke mmoja akasema, "Magunia ya maharage msimu huu yameota miguu." Mama akaleta kamba ya mbuzi wake, akanifunga kiunoni kwa fundo ambalo mbuzi hajawahi kulishinda. Tukapatana: nikivuta mara moja, niko salama, nikivuta mara mbili, nitoe.

Nikazama. Nikavuta mara moja. Nikakaa kwenye matope nikiwatazama perege, nikimshukuru Mungu kwamba mama yangu atakula. Mara nikasikia kitu kama kidole cha maiti kikinigusa chini ya shingo. Kikashuka. Kikatandaa mgongo mzima. Jasho, ndugu zangu, haliwi baridi namna ile. Zipu ya mgongoni ilikuwa inapitisha maji, na lile la Kigoma nililoliita jasho lilikuwa ziwa. Ziwa lenye joto lilinificha. Bwawa la Heru Juu likanisema. Nilitaka kusimama, suti imejaa maji, miguu imekwama kwenye tope. Nikavuta mara mbili.

Sijawahi kuvutwa vile maishani mwangu. Mama hakungoja msaada. Alinitoa na tope, na majani, na perege mmoja ambaye hakuwa na kosa. Alipoulizwa nguvu amezipata wapi, na siku zile zote hajala, akajibu huku bado kaishika ile ya mbuzi, "Safari hii kamba ninayo."

Daktari alifungua suti, maji yakamwagika miguuni pake. Hakunitania. Alisema polepole, "Tulikuwa tuingie ndani ya ile meli, Obadia. Ndani kabisa. Mikono yako ingekufa ganzi kabla hujauona mlango." Kisha akaketi kwenye ukingo wa bwawa akaanza kutetemeka, yeye aliyekuwa mkavu.

Mama alikula siku ile. Alikula ugali wa watu watatu, na yule perege.

Safari tuliisogeza mpaka mwaka uliofuata, na suti nikapata nyingine, ambayo bwawa la kanisa liliikagua kwanza. Tulikwenda Norwei. Ngazi nimeziona, na sahani nimeziona. Nilipotoka majini nilimpigia mama kabla sijavua chochote.

"Mama, nimeibuka."

"Umeibuka kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi njoo. Na kamba yangu uirudishe, mbuzi anazurura." Nilikuwa nimeificha begini. Nilidhani hajui.

Ndugu zangu, nimerudi nayo, hii hapa. Namshukuru Mungu anayeweza kumwokoa mtu kwa neno lililosikiwa vibaya. Elia bado. Lakini mmemsikia mama Jumapili hizi akiomba: hasemi tena mwanangu aliyezamia, anasema mwanangu ambaye hajaibuka. Kama nawe una wako asiyeonekana, usiiachie kamba. Mwenye kuvuta yupo. Nasi tuitike amina, viti vya nyuma pia, kisha mama akamfunge mbuzi wake.